Makochi ya Pamba

Nilihamia Bariadi nikiwa na vitambaa kumi na viwili vya kufunikia viti, na sina kiti hata kimoja. Nilivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe nikiwa bado Nakuru, miezi ile ambayo mume wangu alikuwa ametangulia Tanzania kikazi. Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Zamani wakulima wa kule waliuza kwa ushirika peke yake. Sasa kampuni za watu binafsi zilikuwa zinajenga viwanda vya kuchambua pamba, na moja ilitafuta fundi mitambo anayezijua mashine zake. Mume wangu alizijua. Aliniandikia barua kwamba amepata nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, bati juu, saruji chini, nyumba nzuri ila tupu kidogo.

Utupu wenyewe niliukuta. Sebuleni kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa, ambayo ndiyo ilikuwa kiti, na katoni ya sabuni, ambayo ndiyo ilikuwa meza. Nikamuuliza aliishije hivyo miezi minne.

"Nilikuwa nasimama," akasema.

Kabla sijaweka chini mizigo akanipeleka nimsalimie mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa makamo, Msukuma, akiishi upande wa pili wa nyumba hiyohiyo, ua wetu ukiwa mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mayu, yaani mama.

"Mayu," mume wangu akasema kwa fahari, "huyu ndiye bibi yangu."

Mayu akanitazama kuanzia vidoleni hadi kwenye kilemba. "Bibi yako? Mzaa baba au mzaa mama?"

Kwetu bibi ni mke. Kule bibi ni nyanya yako mwenye mvi. Hilo tulikuja kulielewa baadaye, siku ile tulibaki tumeduwaa wote wawili, na mimi, nikitaka kuokoa mambo, nikampa Mayu mkono na kusema, "Habari yako, mama?" Akaushika mkono wangu, akasubiri. Alisubiri kwa muda mrefu. Mwishowe mume wangu akaninong'oneza, nami nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, Bibi," akajibu. "Karibu. Meno yako yote yapo, Mungu amekupenda."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine mtaani.

Wiki ya kwanza nilikwenda kwa seremala karibu na sokoni. Nikamwambia nataka viti vya sofa, seti nzima. Akaendelea kupiga randa.

"Makochi," akasema. "Halafu dada yangu, umeingia unataka, unataka. Mimi nimekukosea nini?"

Nikavuta pumzi. "Naomba makochi."

"Hapo sasa tumeelewana." Akaweka randa chini na kunitafutia kigoda.

Alikuwa fundi mzuri, sikatai. Fremu zilikuwa tayari siku aliyosema, jambo lililonishtua: kochi moja refu la watu watatu, moja la wawili, na dogo la mtu mmoja. Kilichokosekana ni sponji, ambayo ilibidi itoke Mwanza. Nilipopita kuuliza aliniambia sponji iko njiani. Nilipopita tena, bado ilikuwa njiani.

"Fundi," nikamwambia mwezi wa pili, "hiyo njia ina urefu gani?"

"Njia ni ileile, dada. Sponji ndiyo haina haraka."

Nikazichukua fremu hivyohivyo. Nilizipanga sebuleni, mbao tupu, na kwa kuwa sikuweza kuvumilia zaidi nikatandaza vitambaa vyangu juu yake. Mayu alipokuja kuona alisimama mlangoni mkono ukiwa mdomoni.

"Bibi," akasema, "umeivisha mifupa nguo."

Nilicheka, lakini alipoondoka machozi yalinitoka. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya mama yangu yenye viti vinavyommeza mtu, na hapa mume wangu alikuwa anakula amekaa juu ya ubao, akisema hauumi huku akijigeuzageuza.

Mayu hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini macho yako ni mekundu. Jioni ile aliniita kwake na kunifungulia chumba cha uani. Kilikuwa kimejaa pamba hadi karibu na dari, mavuno ya shamba lake la Nkololo. Alikuwa hajauza, na sababu yake niliijua, maana niliona kila kitu kutoka dirishani. Wanunuzi walikuwa wengi msimu ule, na kila mmoja alikuja ameoga. Mayu aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza hadi mwisho, akawauliza hali za wazazi wao, halafu akawaambia atafikiri. Miaka yote ya nyuma alikuwa amepanga foleni ya kuuza; sasa foleni ilikuwa kwake, na hakuona haraka ya kuimaliza.

"Mimi nina pamba imejaa ndani," akaniambia, "na wewe unalilia sponji ya Mwanza. Chukua magunia mawili. Hao vijana wa mizani hawajayaona, hawatayakumbuka."

Kulikuwa na tatizo moja. Ilikuwa pamba ya kutoka shambani, na kila kishada kina mbegu zake. Ilibidi zitolewe kwa vidole, moja baada ya nyingine. Mayu akaita jirani wawili, tukatandika mkeka upenuni, na karibu wiki mbili, kila mchana, tulikuwa hapo tunachambua. Waliongea Kisukuma, kisha Mayu akanitafsiria yale aliyoona yananifaa. Mimi nilikuwa wa mwisho siku zote. Wakasema nachambua kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mgeni.

Siku moja mume wangu alirudi kazini mapema, nyuzi za pamba zikiwa kwenye nyusi. Akasimama uani akatutazama.

"Mnafanya nini?"

"Tunachambua pamba," nikamwambia.

Mtu huyu alikuwa ameshinda na mtambo unaomaliza gunia kabla hujasema hodi. Niliona jinsi jambo hilo lilivyomuuma. "Magunia mawili tu? Si ningeyapitisha kiwandani mara moja?"

"Ili uonekane unatoka getini na pamba mgongoni? Ufukuzwe kazi kwa ajili ya kochi?" nikamuuliza.

Akavua viatu, akakaa kwenye ndoo, akaomba fungu lake. Tukampa pamba ya kochi dogo. Aliichambua kwa makelele mengi, akitueleza jinsi meno ya mashine yanavyofanya kazi, na nusu saa haikuisha akatangaza amemaliza. Mayu akatia mkono kwenye lundo lake, akatoa mbegu, akatoa nyingine.

"Fundi," akamwambia, "hii mashine yako inahitaji fundi."

Lakini jua lilikuwa limeshuka na tulikuwa tumechoka. Tukaliacha kama lilivyo.

Seremala alikuja kushona vitambaa vya maua ya kahawia, akajaza pamba, akapiga misumari. Nikaweka vitambaa vyangu kumi na viwili mahali vilipostahili. Jirani walikuja kuona. Walisifu, waligusa, walizunguka kila kochi, kisha wote wakakaa chini kwenye mkeka na kunyoosha miguu. Nikawaomba wakae juu. Mayu akasema makochi ni mazuri mno, waache wayaangalie kwanza.

Masika yalipoanza mume wangu alipata likizo, tukaenda Nakuru wiki tatu. Nilijivunia makochi yangu hadi mama akachoka. Akaniuliza tunarudi lini moja kwa moja, nikamwambia mkataba wa nyumba ni mwaka mmoja tu. Alifurahi. Mimi nilishangaa kuona kwamba sikufurahi sana.

Tuliporudi, mlango ulikuwa umevimba kwa mvua. Ndani kulinuka ubichi. Bati lilikuwa limevuja pembeni, juu kabisa ya kochi dogo, na kitambaa changu kilikuwa kimebadilika rangi. Nilipokiinua niliona kitu cha kijani kwenye mshono wa mkono wa kochi. Nilidhani ni panzi. Nikainama. Kilikuwa mche, umenyooka, majani mawili ya mviringo yameelekea dirishani.

Mume wangu akapiga magoti, akautazama kama daktari. "Ni pamba," akasema.

"Najua ni pamba. Nakuomba uniambie ni ya nani."

Akakohoa. Akasema mvua imekuwa nyingi mwaka huu.

Nilikuwa na hasira kweli, na nilimwita Mayu nikiwa na hasira, nimwonyeshe bati lake. Alipouona mche alishika mwimo wa mlango akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuambia, akijifuta macho, kwamba Nkololo mvua imeozesha mbegu zake nusu shamba, na hapa kwenye kochi la Wakenya pamba imeota bila hata palizi. Hasira yangu ilijitahidi kidogo, halafu ikashindwa, nikakaa naye sakafuni. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umepita kutazama. Hata seremala alikuja. Alisema, akikaza uso, kwamba sponji imefika.

Kesho yake Mayu alileta fundi wa bati. Wakati yule akigonga misumari juu, Mayu alituuliza mkataba wetu unaisha lini.

"Mwezi wa nane," mume wangu akasema.

"Nauliza kwa sababu nikimaliza bati nitapaka rangi ndani. Kama mnaondoka nitapaka chokaa tu. Kama mnakaa, chagueni wenyewe."

Hatukuwa tumelizungumza jambo hilo hata mara moja. Mume wangu akaanza kusema tutafikiri.

"Bluu," nikasema.

Ilitoka kali kuliko tulivyotaka, bluu ya kuumiza macho asubuhi, na tuliishi ndani yake miaka sita.