Jicho la Ngoma ya Saba

Vernon Tisdale alikuwa na kiti chake kwa Neely, saluni ya kunyolea. Si kiti cha kunyolewa, ni kile cha plastiki karibu na dirisha, na mgeni akikikalia, kinyozi yeyote aliye karibu alimgusa bega na kumwambia taratibu, "Hapo ni pa Anko Tiz." Mgeni alihama bila kubisha. Ndivyo Bronx ya New York ilivyo. Una miaka hamsini na mbili, kazi yako ni kuhudumia boila zinazopasha joto majengo matatu, magoti yanakulalamikia kila ukipanda ngazi, lakini kama uliwahi kuchana mistari kumi na sita ya rap kwenye albamu moja ambayo mtaa bado unaipenda, kiti unacho mpaka uzeeni.

Albamu yenyewe iliitwa *Lifti Imekufa*. Waliitoa mwaka 1994, vijana wanne wa ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kweli. Nje ya mitaa yao haikuvuma sana. Lakini mitaani kwao kila gari lililopita na madirisha wazi kiangazi kile lilikuwa linaipiga. Wenzake watatu wameshatawanyika: mmoja alifariki, mmoja yuko Atlanta anauza nyumba, mmoja ni mchungaji na hataki kukumbushwa. Tiz akabaki peke yake kula sifa, na alizila vizuri, hakuacha hata makombo.

Ngoma ya saba, ubeti wa pili, ndio uliokuwa wake. Watu waliujua wote kwa kichwa, hasa mistari hii:

*Theluji dirishani, baridi hadi ndani,*
*Mama huacha jicho wazi tupate joto kitandani.*

Hilo jicho ndilo lililompa Tiz kiti. Kuna watu wamekomaa na kupata mvi wakilifafanua lile jicho.

Kila Jumamosi kwa Neely kazi ilikuwa moja: kupanga albamu kumi bora za hip hop za wakati wote. Miaka kumi na tisa sasa, na hawajakubaliana. Walikuwa na kanuni zao. Albamu ambayo unaruka ngoma mbili inashuka. Albamu ambayo unaikumbuka kwa sababu ya mpenzi uliyekuwa naye haihesabiki, maana hapo unamsifu mpenzi. Na juu ya zote kulikuwa na kanuni iliyoandikwa kwenye kipande cha kadibodi na kubandikwa juu ya kioo: ALIYEANDIKIWA HAHESABIWI. Rapa akisimama kwenye maiki na kusema maneno aliyotungiwa na mtu mwingine, huku akijifanya ni yake, albamu yake inatoka kwenye orodha hata kama biti zake zinaamsha wafu. Kanuni hiyo aliitunga Tiz mwenyewe, na kadibodi ile aliiandika kwa mkono wake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ule ubeti Tiz hakuuandika.

Aliuandika Yolanda Pettway, binti wa mlango wa pili, akiwa na miaka kumi na saba. Kesho yake vijana walikuwa waende studio, na Tiz alikuwa amekaa kwenye ngazi na karatasi tupu, machozi yakimlengalenga. Yolanda alichana ukurasa kutoka kwenye daftari lake la shule, akampa.

"Chukua. Ila unitaje."

"Nitakutaja, Yola. Haki ya Mungu."

Studio, mbele ya maiki, alifika kwenye neno ambalo mwandiko wa Yolanda ulimshinda. Lingeweza kuwa hili, lingeweza kuwa lile. Simu ilikuwa ukutani, hatua tatu tu. Namba ya kina Pettway alikuwa anaijua kuliko ya kwao. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na kupiga simu kungekuwa kusema waziwazi kwamba maneno si yake. Akakisia. Akasema jicho. Prodyuza akaruka juu, akapiga meza, akasema huyu kijana ni hatari. Jalada lilipotoka, jina la Yolanda halikuwemo.

Tangu hapo walisalimiana wakikutana, kwa adabu, kama watu waliowahi kukaa jengo moja. Yolanda alikuja kuwa mpishi katika shule ya msingi, akalea watoto wawili, akamzika mumewe. Tiz aliona ameshasahau. Ilimfaa kuona hivyo.

Mwezi Februari Neely alipaka ukuta wa saluni rangi mpya na kutangaza kwamba sasa ubishi basi. Jumamosi hiyo orodha ingeandikwa ukutani kwa brashi, albamu kumi, na asiyetaka akanyolewe kwingine. Watu walijaa. Walipofika nafasi ya nne, Dashawn, kinyozi kijana kuliko wote, alikuwa anamnyoa mwanamke wa makamo aliyeingia bila miadi kwa sababu msusi wake amehamia New Jersey. Alikuwa Yolanda.

Tiz alimwona. Kisha akaendelea kuongea, kwa sauti kubwa zaidi.

"Nafasi ya nne ni *Lifti Imekufa*," Dashawn alisema, mashine ikilia shingoni kwa Yolanda. "Na anayebisha aniambie hapa, ni nani mwingine aliyewahi kuandika mstari kama ule wa jicho?"

"Wewe unamsifia mzee akununulie chakula," mmoja alimtania.

"Nyamaza, we mwenye kipara cha kuazima! Anko Tiz, hebu waeleze tena. Lile jicho."

Tiz alijiweka sawa kitini. Hotuba hii aliijua vizuri kuliko ubeti wenyewe. "Mama wa mitaa ile alikuwa halali, mwanangu. Jicho moja limefumba, moja li wazi, linalinda mlango. Hilo jicho ndiyo blanketi letu. Unanielewa? Joto halikutoka kwenye bomba, lilitoka kwenye jicho la mama."

"Yesu wangu!" Dashawn alisema. "Mnasikia? Mnasikia lakini?"

"Ni jiko," alisema Yolanda.

Hakupaza sauti. Dashawn alizima mashine. "Samahani, Anti?"

"Si jicho. Ni jiko. Mabomba yalikuwa hayatoi joto, mama anawasha oveni, anaacha mlango wake wazi usiku kucha. Mama huacha *jiko* wazi tupate joto. Jicho litatoa joto gani?"

Saluni ililipuka kwa kicheko. "Anti, huu ubeti tumeumeza kabla hatujaota meno!" "Jiko! Basi na sufuria ituimbie!" Neely mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha wote wakamgeukia Tiz, maana yeye ndiye mwenye neno.

Yolanda naye alimgeukia. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyefungua mlango na kukusubiri upite.

"Yola," Tiz alisema, na alitabasamu, Mungu amsamehe, alitabasamu. "Niliyeandika ni mimi. Nadhani najua nilichoandika. Ni jicho."

Watu wakashangilia. Yolanda alivua mwenyewe kile kitambaa cha shingoni, akakikunja, akakiweka kwenye mkono wa kiti. Upande wa kushoto wa shingo ulikuwa bado haujanyolewa.

"Sawa, Vernon," alisema, akatoka. Neely akachovya brashi, akaandika nafasi ya nne.

Aibu ilimkuta Tiz kabla hajafika nyumbani. Ilimkuta akivuka barabara, akasimama katikati mpaka gari likampigia honi. Aliona haya kujitazama kwenye kioo akipiga mswaki. Aliona haya kanisani, alipogeuka kumpa jirani mkono wa amani. Uongo wa zamani alikuwa ameuzoea, ulikuwa umeshakuwa sehemu ya jina lake. Huu ulikuwa mpya, na aliusema usoni pa mwenye ubeti, akitabasamu.

Jumanne boila ya jengo la pili ikagoma. Tiz alipanda kukagua bomba katika chumba cha Bibi Eubanks, mwenye miaka themanini na moja. Jikoni oveni ilikuwa inawaka na mlango wake umeachwa wazi, na mbele yake kiti, na kitini bibi na koti lake la kanisani.

"Usiniseme kwa mwenye nyumba, mwanangu," bibi alisema haraka. "Najua ni hatari. Nitafanyaje?"

Tiz alisimama na spana yake mkononi. Joto la oveni lilimpiga usoni, lilelile, na ile harufu ya vumbi linaloungua. Mama yake mwenyewe alifanya hivi. Mama wote wa ghorofa ya nne walifanya hivi. Angewaza kidogo tu pale studio, neno lingekuja lenyewe. Hakuwaza, maana alichokuwa anakitafuta ni sifa. Aliitengeneza boila, na mabomba yalipoanza kugonga kwa joto akaenda moja kwa moja kwa Neely.

Ndani walikuwa Neely, Dashawn na wateja wawili. Tiz hakukaa. Aliwaambia yote: ngazi, daftari, ahadi, simu ya ukutani.

Dashawn alibaki na mashine hewani. "Kwa hiyo Jumamosi yule mama alisema kweli."

"Ndiyo."

"Na sisi tukamcheka. Mimi nilimcheka nikiwa nimeshika kichwa chake, Anko."

"Ndiyo."

Neely alichukua kopo la rangi nyeupe, akafuta nafasi ya nne, akaacha doa tupu. Kisha akaelekeza brashi kwenye kadibodi. "Kanuni ni yako," alisema.

Tiz alitoka akijisikia mwepesi. Nasema hivi kwa masikitiko: alijisikia mwepesi, akaona amemaliza. Alikwenda hadi mlango wa nyuma wa ile shule saa nane mchana, watoto wakiwa wameshakula, akamkuta Yolanda anafuta trei.

"Nimewaambia, Yola. Kila kitu. Neely ameifuta ukutani."

"Umewaambia lini?"

"Sasa hivi. Natoka huko."

Yolanda aliweka trei juu ya nyingine, akazilinganisha kingo. "Mimi nikiwepo ulisema jicho. Nimeondoka ndiyo unasema jiko." Akavuta trei nyingine. "Jumamosi saa nne nitakwenda kumaliziwa shingo. Mwambie yule kijana asinisahau."

Jumamosi ikafika. Habari ilikuwa imeshazunguka na saluni ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Hakuna aliyemwambia Tiz asikae, ila kile kiti cha plastiki kilikuwa na koti la mtu, na hakuna aliyeliondoa. Akasimama. Yolanda alipoingia, Dashawn alimpokea mkoba, akamkalisha, akamfunga kitambaa taratibu sana.

Tiz alikohoa. Maneno aliyapanga tangu Jumanne, na yote yalimkimbia.

"Huyu," alisema, "ndiye aliyeuandika. Mistari yote kumi na sita. Aliniomba nimtaje, nikaapa, sikumtaja. Na wiki iliyopita alipolisema neno lake mwenyewe, nilimfanya mwongo mbele yenu. Yola, nakuomba radhi. Mbele ya hawa hawa."

Hakuna aliyecheka. Yolanda aliitikia kwa kichwa, mara moja. Tiz alisubiri kuona kama kuna zaidi, hakukuwa na zaidi.

"Anti," Dashawn alisema, "nafasi ya nne tumeiacha wazi. Tumekaa, tumekubaliana. Mwandishi ukikubali, tunairudisha, na jina lako tunaliandika pembeni, kubwa."

Yolanda aliutazama ukuta kupitia kioo. Aliutazama muda mrefu, na Tiz alijua anausoma ubeti wote kichwani, kuanzia juu.

"Ni albamu nzuri," alisema mwishowe. "Niliipenda kuliko nyinyi nyote. Lakini msiirudishe. Kuna neno moja limekosewa."

"Neno moja tu, Anti!"

"Lilikuwa ni la mama yangu."

Dashawn aliinamisha kichwa, akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto. Yolanda alifumba macho. Kisha, bila kuyafumbua, akasema, "Ungepiga simu tu, Vernon. Nilikaa karibu nayo siku ile nzima. Niliwaza, ule mwandiko wangu, atauliza tu. Au namba ulikuwa umeisahau?"

"Sijaisahau," Tiz alisema.

Na kwa sauti ya chini, mbele ya saluni nzima, akaitaja, tarakimu zote saba, bila kukosea hata moja.