Nilijaza kadi ya dawa za wifi yangu bila kumwona akimeza

Admin, nifichie jina. Nina miaka 33, nauza vitenge hapa Tunduma, nina mume na mtoto mmoja wa miaka minne. Mume wangu anaendesha lori la Kongo, akiondoka ni wiki tatu. Mkitaka kunitukana nitukaneni, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mwaka huu wifi yangu, mdogo wa kike wa mume wangu, aliletwa kutoka Mkwajuni, alikokuwa anapikia wachimba dhahabu. Amekonda, anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali wakamkuta na kifua kikuu, na VVU pia. Mume wangu akasema, "Atakaa hapa, ana nani mwingine?" Hakuniuliza mimi ninayebaki naye. Nilikasirika, na hasira za mume nikazimalizia kwa mgonjwa.

Kliniki walitaka mtu wa nyumbani wa kumsimamia. Kila asubuhi umwone akimeza dawa za TB, ndipo utie tiki kwenye kadi. Wifi akanichagua mimi. Nesi akanieleza dirisha liwe wazi, na mtoto nimlete apimwe apewe dawa ya kinga. Niliitikia kila kitu. Mtoto sikumpeleka, niliona aibu kuonekana kwenye foleni ile.

Nyumbani nilimlaza stoo ya mahindi. Sahani yake nikaitia alama kwa rangi ya kucha. Jirani aliponiuliza nikamwambia wifi ana ngoma, yaani VVU, na tangu hapo hakuna aliyekuja kumjulia hali. Dawa za wiki nzima nilizimimina kwenye kikombe cha plastiki kila Jumatatu, nikakisukuma mlangoni kwake. Kila Jumapili nilikaa na kalamu nikatia tiki saba. Chakula alikula sisi tukishamaliza, siku nyingine saa nane mchana ndiyo mara yake ya kwanza kula.

Wiki ya tatu niliona vidonge kwenye majivu nje ya stoo. Nilipomuuliza akasema, "Wifi, nikimeza tumbo tupu natapika vyote. Ningepata hata uji asubuhi."

"Hapa siyo hotelini," nikamjibu, nikavifukia vile vidonge kwa mguu. Nesi alipopiga simu kuuliza kama mkojo wake unatoka mwekundu, maana dawa zile ndivyo zinavyofanya, nilisema mwekundu kabisa. Sikuwahi kuuona.

Miezi miwili ilipoisha, makohozi yakakutwa bado yana vimelea. Daktari akaangalia kadi, hakuna siku iliyorukwa. Akasema labda vimelea vimekuwa sugu, wakachukua makohozi mengine kwenda kupima. Mimi nimekaa pale pale. Nesi akamuuliza wifi, "Dawa ulikuwa unameza kweli?"

"Nilimeza zote. Wifi alikuwa ananiona."

Nesi akauliza kama abadilishiwe msimamizi. Akakataa, akanitaja tena mimi. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini hakunisema. Akasema taratibu, "Nikikusema utanitoa. Kaka yuko safarini. Nitalala wapi?"

Tangu siku hiyo nampikia uji na namwona akimeza. Lakini bado nasimama mlangoni, namwogopa, siwezi kudanganya. Mwanangu naye ameanza kukohoa juzi, na wifi ndiye aliyesema nimpeleke hospitali haraka. Nikimpeleka wataniuliza kwa nini sikumleta apewe ile dawa ya kinga.

Majibu ya maabara ni Alhamisi. Nikinyamaza, daktari ataamua matibabu yake kwa kadi ya uongo niliyoijaza mwenyewe. Nikisema, mume wangu atanirudisha kwetu Hasamba na mtoto atabaki naye, namjua. Jana nilimsikia wifi akisali humo stoo. Nilidhani ananilaani. Kumbe anamwomba Mungu nisimchoke.

Nishaurini jamani, Alhamisi nikiingia kwa daktari nianzie wapi?