Matanga ya Baba, Baba Akimimina Chai

Baba hakuwachagua Wamaya. Kilichowachagua ni kipasha joto cha maktaba. Tulimleta Toronto kuishi nasi baada ya Mama kufariki, akafika baridi ikianza. Alitazama nje kupitia dirisha la ghorofa ya tisa, akauona mto Humber umeganda, akaniuliza kama mto huu ni mgonjwa au ndivyo ulivyo. Kukaa ndani siku nzima kulimshinda. Akaigundua maktaba ya hapa Weston, na ndani yake kiti kimoja kando ya kipasha joto. Rafu aliyoweza kuifikia bila kuinuka ilikuwa ya Wamaya wa kale wa Amerika ya Kati. Wamisri walikuwa karibu na mlango, kwenye upepo.

Kila jioni alirudi na habari zao kana kwamba ametoka kwa majirani. Alitusimulia jinsi miungu yao ilivyoumba watu wa kwanza kwa udongo, mvua ikawayeyusha. Ikachonga wengine wa mbao. Hao walitembea na kusema, lakini hawakuwa na moyo, wakamsahau kila aliyewaumba, mpaka siku moja sufuria zao wenyewe na mbwa wao wakawageuka na kuwapiga. Mwishowe ikakanda unga wa mahindi, na hapo ndipo binadamu wa kweli wakapatikana.

"Ugali," Baba akasema, akimega tonge. "Sisi ni ugali. Na shule nzima niliyosoma, hakuna aliyeniambia."

Watoto wangu walicheka na kumjibu kwa Kiingereza kama kawaida yao. Akawaita watu wa mbao, akawaonya kuhusu sufuria. Mpaka leo mwanangu wa kiume huosha masufuria kwa adabu ambayo mimi hajawahi kunionyesha.

Nami nilicheka, mpaka Baba alipofika kwenye mazishi. Wamaya wa kawaida, alisema, hawakupeleka wafu wao mbali. Waliwazika chini ya sakafu ya nyumba, wakawatia mahindi yaliyosagwa mdomoni ili wasiende na njaa, kisha maisha yakaendelea juu yao, watu wakipika na kugombana kama jana.

"Mimi nataka hivyo," akasema.

Nilimkumbusha kwamba chini ya sakafu yetu ni dari ya mzee wa Kireno wa ghorofa ya nane, ambaye tukivuta kiti tu anagonga kwa ufagio. Baba alilifikiria jambo hilo kwa makini.

"Basi makaburi ya karibu yatatosha. Ila sirudishwi Kitale."

Kwetu hayo si maneno ya kutamka mezani. Mtu anaweza kuzeekea ughaibuni, lakini mwili hurudi. Kitale, kando ya kaburi la Mama, nafasi ya Baba ilikuwa tayari, na Baba Mdogo alikuwa ameizungushia ua kwa mikono yake. Baba akampigia kumwarifu. Baba Mdogo akakata simu, kisha akapiga tena ili apate kuikata tena. Walinitia kiwewe wote wawili. Mimi ni nesi, na Jumamosi hiyo nilikuwa zamu ya asubuhi. Wakati wa mapumziko nikaandika kwenye grupu ya kanisa: "Wapendwa, tuombeeni. Suala la mazishi ya Baba limetuletea mgogoro na ndugu wa nyumbani." Nikafungia simu kabatini na kurudi wodini.

Niliporudi nyumbani alasiri, viatu vilikuwa vimejaa korido nzima hadi karibu na lifti. Watu wetu wakishaona neno mazishi hawaulizi zaidi, wanainjika mchele. Mlango aliwafungulia Baba mwenyewe. Mama wa kwanza alipiga yowe, akamkabidhi sufuria ya pilau, kisha akamshika shavu kuhakikisha lina joto. Wa pili alipofika, wa kwanza alikuwa tayari jikoni anatafuta mwiko. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, bwana mmoja mpenda utaratibu kutoka Downsview, aliamua kwamba kwa kuwa watu wameshakaa na chakula kipo, kikao kiendelee, na mzee ahudhurie kama mwalikwa.

Basi nikamkuta Baba akiwapitishia chai waombolezaji wake.

"Pole sana, Mzee," walimwambia mmoja mmoja.

"Asante, nimeshapoa," akawajibu.

Mchungaji alianza sala kwa kumshukuru Mungu kwa aliyekuwa mzee wetu, akafungua jicho moja, akaanza upya. Kisha Baba akaomba nafasi, akawaeleza kuhusu Wamaya, sakafu na mahindi ya mdomoni. Mchungaji akauliza kwa upole kama huo si upagani.

"Mimi ni Mkristo, Mchungaji," Baba akasema. "Lakini safari ni ndefu."

Mwenyekiti akampigia Baba Mdogo kwa video, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Kwao ulikuwa usiku. Alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulala, na alikuja amejiandaa.

"Kaka, mke wako anakungoja. Unataka alale peke yake?"

Baba aliketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona amechoka.

"Amekwisha kulala peke yake," akasema. "Wewe umehamia mjini. Watoto wangu wote wako ng'ambo. Nikiwekwa pale tutakuwa wawili wa kungoja, na hakuna anayekuja."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, utazikwa wapi?"

Nilikasirika. Aniulize hivyo mbele ya kanisa, mimi ambaye kila Krismasi huwaambia hao hao kwamba bado kidogo tu turudi nyumbani! Kitale ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikawatazama akina mama wanisaidie, nao walikuwa wameinamia sahani zao, kwa sababu swali lilikuwa limewafikia pia. Nikafikiria watoto wangu wakijaribu kuielewa barabara ya kwenda kwenye kaburi langu.

"Hapa, Baba," nikasema.

"Basi na mimi hapa. Nataka mtu wa kupika juu yangu."

Nililia mpaka pua ikaziba. Wote wakasukuma viti kuja kunishika, na mzee Mreno akagonga dari yake kwa ufagio kama mwenda wazimu.

Kelele zilipotulia tukasikia sauti ya Baba Mdogo, ndogo sasa.

"Na ile nafasi kando ya shemeji niifanyeje? Nimeshazungusha ua."

"Panda mahindi," Baba akasema.

Tulidhani ni mzaha wa kumalizia kikao. Lakini Baba Mdogo ni mtu ambaye hutii kwa hasira. Mvua zilipoanza alisafiri hadi shambani, akapanda. Alirudi kupalilia, akarudi tena, na kila mara alituma picha bila salamu: mahindi ya magotini, mahindi ya kifuani, na nyuma yake msalaba wa Mama, umepakwa rangi upya. Alivuna, akasaga. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa likizo akatuletea unga huo. Pale uwanja wa ndege afisa alimuuliza amebeba nini, akasema unga wa ugali, jibu ambalo ni kweli.

Tuliupika Jumapili. Baba alimega tonge, akatafuna muda mrefu.

"Mama yenu amefika," akasema, akaomba mboga.

Unga uliobaki ameutia kwenye kopo la majani ya chai juu ya friji. Hakuandika kitu juu yake. Hata watoto wanajua kwamba huo si wa kupika, ni wa safari.