Sindano ya Mapacha

Tulikuwa hatujafika hata kituo cha Kigwa, treni ikielekea Dar es Salaam, mkagua tiketi aliposimama mbele yetu. Akamtazama pacha wangu, akanitazama mimi.

"Mama, huyu mdogo alistahili nusu nauli. Mbona umejitesa?"

"Wote wana miaka kumi na saba," mama akajibu. "Walizaliwa asubuhi moja."

"Basi huyu mrefu alimla mwenzake tumboni!"

Behewa lote likacheka. Mama hakucheka.

Kichwa changu kilikuwa kinaishia kwenye kwapa la pacha wangu. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, kwa sababu kwenye mstari wa asubuhi nilisimamishwa mbele ya wote na mwalimu wa zamu alikuwa akiniita kapteni. Sasa tulikuwa tunakwenda kwa daktari wa homoni. Pacha wangu hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuja kwa sababu mama hakuwahi kumpeleka mmoja wetu mahali na kumwacha mwingine.

Kwetu mapacha hutendewa sawa. Mmoja akinunuliwa shati, wa pili naye anunuliwe. Mmoja akinyolewa, mwingine naye anyolewe siku hiyohiyo. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua, pengine afe. Mama alikuwa akivunja muhogo wa kuchemsha katikati, kisha anaviweka vipande ubavu kwa ubavu na kumega kile kilichozidi.

Hospitalini nilipigwa picha ya mkono. Nikamuuliza mpiga picha ile mistari myeusi karibu na kiganja ni ya nini.

"Hapo ndipo mfupa unapokulia," akasema. "Ikiziba, kurefuka kumekwisha. Yako imebaki kama uzi."

Daktari alisema mwili wangu hautengenezi homoni ya kutosha ya kukua, na kwamba ningeletwa nikiwa mtoto mdogo ingekuwa rahisi. Hata hivyo muda kidogo ulikuwepo. Alikuwa na dawa ya msaada, ya bure. Nilitakiwa kuchomwa kila jioni, bila kukosa. Mama akamwomba ampime na pacha wangu urefu. Daktari akatabasamu, akampima.

Tuliporudi nyumbani Ipuli, dawa ilikaa kwenye friji la jirani yetu muuza barafu. Umeme ukikatika alizizungushia chupa taulo na mabarafu, akimfokea yeyote aliyetaka kufungua mlango. Nesi wa mtaani alimfundisha mama kuchoma, akamwonyesha kwenye bomba la sindano dawa ifike wapi.

Mama alivuta dawa mpaka pale alipoonyeshwa. Akanichoma pajani, akaishia dawa ilipobaki nusu. Kisha akabadilisha sindano, akamgeukia pacha wangu.

"Mimi siumwi, mama."

"Nani kakuuliza? Lete mguu."

Ikawa hivyo kila jioni, karibu mwaka mzima. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa nikisimama ukutani na kujipapasa utosi. Pacha wangu alianza kulalamika kwamba magoti yanamuuma.

Tuliporudi Dar, daktari alinipima mara mbili. Nilikuwa nimerefuka kwa unene wa kidole tu. Mama akasema, "Na huyu, daktari." Pacha wangu alikuwa amenizidi zaidi ya mwanzo. Daktari akamtazama, akamtazama mama.

"Mama, dawa ulikuwa unampa nani?"

"Wote. Sawasawa. Sikumpunja hata mmoja."

"Nani alikwambia huyu ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni pacha."

Daktari akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Hakumgombeza. Aliagiza nipigwe tena picha ya mkono, na ilipoletwa nikaiomba, nikaiinua kwenye dirisha. Niliitafuta ile mistari. Mfupa ulikuwa mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hata tukianza sasa dozi kamili, haitasaidia," daktari akasema.

Safari nzima ya kurudi pacha wangu alikaa amejikunja ili mabega yetu yalingane. "Kaa wima, utaharibu mgongo," mama akamwambia. Hakukaa wima.

Sikudumu nyumbani. Nilipanda treni ya Kigoma, na tangu hapo nimekuwa nikihama kufuata njia ya zamani ya misafara. Nimefunga tumbaku Urambo, nimebeba chumvi Uvinza, nimelala Ujiji kwenye vibaraza vya watu. Kila ninapoomba kazi huulizwa baba yangu yuko wapi. Nina ndevu.

Mara mojamoja narudi Ipuli. Pacha wangu naye huja, na mama hutupikia kuku. Anagawa mwenyewe, kama zamani, lakini vipande haviweki tena ubavu kwa ubavu. Paja ni langu, na kipapatio huwekwa kwenye sahani ya pacha wangu. Mama hatutazami mpaka tumalize.