Pua Mbili kwa Kila Chupa

Saa mbili asubuhi, Ildefonsa anazibua chupa ya soda, anafumba macho na kunusa. Anaipitisha dirishani kwa mwanamume mrefu mwenye fimbo ya kuchungia, naye ananusa na kukunja uso.

"Mafuta ya taa," anasema Bulugu.

"Mafuta ya taa," anakubali Ildefonsa. Mwenye chupa anaguna, lakini anaondoka kwenda kutafuta nyingine.

Hivi ndivyo dawa inavyotolewa kwenye zahanati ya kijiji hiki cha ujamaa huko Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Tangu vita dhidi ya nduli vianze mwaka jana, malori mengi yameelekea mstari wa mbele. Dawa ya kikohozi inafika kwenye dumu, bila chupa hata moja ya kugawia. Kila mgonjwa anakuja na yake kutoka nyumbani, na nyumbani chupa haikai bure: leo ina mafuta ya taa, kesho gongo, keshokutwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Ildefonsa, mwenye umri wa miaka 38, ndiye mgawa dawa. Ni mzaliwa wa Bugarama, Ngara, na kazi aliisomea miaka miwili katika hospitali ya misheni. Mumewe, Anatoli, aliondoka na wanamgambo Desemba. Barua yake ya mwisho ilifika Februari. Wagonjwa sitini kwa siku anawahudumia peke yake. Hagusi tumbaku, na kitunguu kibichi hali mpaka jioni, baada ya kufunga dirisha.

"Watoto wananiita Mama Pua," anasema akicheka. "Waache waniite. Pua hii ndiyo mashine pekee ya kupimia niliyo nayo."

Mwezi Machi mashine hiyo iligoma.

Mvua zilikuwa zimemletea mafua. Bulugu, mfugaji aliyehamia hapa kutoka Shinyanga, alikuja kwa baiskeli kuchukua dawa ya binti yake Nyamizi, mwenye miaka mitatu. Ildefonsa alinusa chupa yake, akaona ni safi, akaijaza. Akamwelekeza ampe mtoto kijiko kimoja jioni, baada ya chakula. Bulugu akapanda baiskeli na kwenda zake.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa bibi Eustakia. Ildefonsa alipochukua faneli ileile aliyojazia chupa ya Bulugu ili amjazie, bibi alirudi nyuma.

"Mwanangu, leo unatupa dawa ya ng'ombe?"

Ildefonsa aliinua faneli hadi puani. Hakusikia harufu yoyote. Akachukua kitambaa kilicholowa spiriti, akakinusa. Nacho hakikunuka.

"Hapo nilikufa," anasema. "Nilijua sikuinusa ile chupa. Niliifanyia ishara tu ya kunusa."

Alifunga dirisha, akawaacha watu ishirini wamesimama, akashika njia. Kwa Bulugu ni maili saba, na mito miwili ilikuwa imefurika. Viatu alivivua mto wa kwanza, hajaviona tena.

Alifika jua likiwa limeinama. Nshoma, mke wa Bulugu, alikuwa anapakua ugali. Chupa ilikuwa chini karibu na mafiga, kijiko juu yake, na Nyamizi alikuwa ameshakaa pembeni akisubiri, maana dawa ile ni tamu na watoto wanaipenda.

"Sikupiga hodi," anasema Ildefonsa. "Mimi niliyelelewa vizuri! Nilipita katikati ya watu wanaokula, nikainyakua chupa."

Bulugu alisimama kwa hasira. "We mama, unaingia mji wa watu kama mwizi?" Ndipo Ildefonsa akamweleza. Bulugu alinusa chupa, akamtazama mwanawe, kisha akakaa chini polepole. Ilikuwa chupa ya josho. Nshoma alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga, na kwa macho iling'aa.

Kesho yake Bulugu alirudi, naye Ildefonsa akampa dawa ndani ya chupa aliyokuwa akiwekea maji ya baraka. Aliichemsha kwanza. Leo Nyamizi hana kikohozi, ana utundu tu.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Mwenyekiti wa kijiji, Gaspari, alimshauri anyamaze, kwa kuwa hakuna aliyedhurika na mgawa dawa mwingine hayupo. Ildefonsa aliandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya akieleza kosa lake, akaisoma mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kuituma. Mwandishi wa habari hii amekutana na wakubwa wengi, na bado hajamwona aliyefanya hivyo.

Wapo waliotaka aondolewe palepale. Bulugu aliomba kusema.

"Mchungaji akija kuniambia ng'ombe kapotea, jua likiwa bado juu, fimbo namrudishia akachunge tena," alisema. "Anayengoja giza ndiye simtaki."

Siku hiyo ilipitishwa kanuni: kila chupa inanuswa na watu wawili, mgawa dawa na mmoja wa walio foleni. Bulugu huja kila Jumanne. Hakuna aliyemtuma.

Sasa ni Mei, na majibu ya wilaya hayajafika. Yanaweza kuja na karipio, au na mtu wa kuchukua funguo. Ildefonsa anakiri kwamba anaogopa. Kila baiskeli ya tarishi ikipita, anaweka dumu chini na kuchungulia. Hata hivyo anapanga. Anataka chupa mia moja za zahanati yenyewe, zichemshwe na kurudishwa, isije tena chupa ya nyumbani dirishani. Mpaka sasa amepata kumi na nne.

Kwa kuwa mwandishi naye alikuwa anakohoa, alitoa chupa yake. Ildefonsa aliinusa, akampitishia bibi Eustakia.

"Shikamoo, bibi," mwandishi aliwahi.

"Marahaba. Gongo," alijibu bibi, akairudisha. Foleni nzima ilicheka.

Ildefonsa alichukua moja ya zile kumi na nne, akaijaza. Akiulizwa itakuwaje wilaya ikimleta mwingine, anatazama watu walio dirishani.

"Nitalia," anasema. "Lakini huyo atakayekuja, hata akiwa na mafua, hawa hawatamwacha ajaze kabla hawajanusa."