Hodi ya Darasa la Tano

Mwalimu wa darasa la tano, kule Mwera, hupiga hodi kila asubuhi kwenye darasa lake mwenyewe. Mlango hakuna, basi hugonga mwimo kwa vidole vilivyopauka chaki, akangoja watoto waseme karibu. Wakipiga kelele hapazi sauti. Huishusha, mpaka wenyewe wanyamaze wapate kumsikia. Benedikta, mmoja wa wanafunzi wake, aliyaona hayo mambo ya kizee tu, hadi siku baba yake alipoingia moja kwa moja na fimbo mkononi, kwa kuwa mbuzi ambao binti yake alisahau kuwafunga walikuwa wamemaliza mihogo ya jirani.

“Shikamoo, Baba Benedikta,” mwalimu alisema, akasimama kati yao. “Humu mna wenyewe. Naomba utoke, upige hodi.”

Baba alitoka akinung'unika. Akapiga hodi, darasa kimya. Akapiga tena. Watoto walimtazama mwalimu. Mwalimu alimtazama Benedikta, wala hakumjibia. Hodi ya tatu ikikosa jibu mgeni huenda zake, hilo kila mtoto wa pale analijua. Hiyo ya tatu ilikuja taratibu.

“Karibu, baba,” Benedikta alisema.

Aliingia amevua kofia. Fimbo ilibaki nje, imeegemea ukuta.