Mpaka Uliopita Jikoni kwa Mama

Baba yangu, Erastus Tuttle, alikuwa mpima ardhi. Aliichorea reli njia katika milima ya Colorado, na kuwapimia wachimba fedha maeneo yao wasije wakatoana macho. Mimi na mama tulibaki Ohio. Barua ilichukua majuma mawili kufika, kama nyumbu wa posta hakuitafuna.

"Mke wangu Philura," aliandika safari moja, "dubu amekalia darubini yangu ya kupimia. Darubini imepinda. Dubu hajambo."

Theluji ilipoyeyuka mwaka 1882, mama aligombana na jirani yetu, Dorcas Blodgett, mjane mwenye nguruwe sita. Nguruwe hao walipenda kulala chini ya mtufaa wetu.

"Dorcas! Nguruwe wako wako kwangu!"

"Kwako wapi, shoga? Kwako kunaanzia mlangoni!"

Mama akamwandikia baba amfundishe kupima. Baba alijibu kurasa tisa zenye michoro, akamalizia kwa maneno haya: "Usimwamini anayekushikia ncha ya pili ya mnyororo." Mnyororo wa kupimia hatukuwa nao, basi mama akaipiga mafundo kamba ya kuanikia nguo, fundo kila futi, akaitoa sandukuni dira ya marehemu babu, baba yake, aliyetuachia nyumba ile. Ncha ya pili aliishika Dorcas mwenyewe.

"Nikiiacha utaivuta," alisema. "Nakujua wewe."

Walianzia kwenye kigingi cha zamani cha mpaka, karibu na kisima. Kamba ikapita penye nguruwe: walikuwa kwao. Ikapita penye mtufaa: nao ukawa wa Dorcas. Mama akaanza kutembea polepole.

"Simama, Philura," Dorcas akasema. "Mbona kamba inaingia dirishani?"

Wakaipitisha dirishani. Meza ikabaki yetu. Jiko la chuma, pamoja na supu iliyokuwa ikichemka juu yake, likaangukia upande wa pili. Dorcas akavuta kiti, akaketi kando ya moto.

"Karibu kwangu, mwenzangu. Supu inanukia, nimepika nini?"

Mama akamwandikia baba siku hiyo hiyo, kwa herufi kubwa kubwa. Kabla jibu halijaja, ikafika barua nyingine ya baba, ya kujisifu: handaki la reli lilichimbwa kutoka pande mbili za mlima kwa vipimo vyake, na pande hizo zilikutana zikiachana upana wa kidole tu. Mama aliisoma kwa sauti pale jikoni. Dorcas alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni.

Jibu lenyewe lilipokuja lilikuwa fupi. "Philura, kigingi kile nilikipigilia mimi, nikiwa bado najifunza kazi. Siku ile ulikuwa uani kwa baba yako unaanika mashuka. Darubini ilikuwa inakutazama wewe."

Mama aliisoma mara nne. "Mjinga huyu," akasema, uso mwekundu kama nyanya.

"Anasemaje?" Dorcas akauliza.

"Anasema darubini ilikuwa mbovu."

Dorcas alikubali kigingi kihamishwe, ila kwa sharti moja: mama awaombe radhi nguruwe. Mama alikataa siku nane. Siku hizo zote Dorcas alikuja kuoka mikate kwenye jiko "lake", akiimba zaburi kwa sauti ya kukwaruza. Siku ya tisa mama akavaa kofia yake ya kanisani, akaenda bandani, akasimama mbele ya nguruwe sita.

"Samahani," akasema.

"Yule wa nyuma hajasikia," Dorcas akasema.

"SAMAHANI!"

Mchana huo wakaking'oa kigingi pamoja, wakapima upya kwa kamba ile ile, safari hii wakianzia barabarani, wakakipigilia mahali pengine, wakipokezana nyundo.

Baba alirudi majira ya baridi yalipokaribia, na ndevu hadi kifuani. Hata viatu hakuvua, akaisimamisha darubini mpya uani na kupima. Akapima tena. Mara ya tatu akapiga magoti, akakitazama kigingi kwa karibu.

"Nani aliyekiweka hapa?"

"Sisi," mama na Dorcas wakajibu pamoja.

Hakikuwa kimekosea hata upana wa ukucha. Baba aliingia ndani, akala viazi vyake, na hakuna aliyemtajia handaki.